Nina miaka 29 naimba jazz na soul, nimechelewa? Na hawa wanaopanda haraka kama Samara Joy wanafanyaje?

sauti_ya_usiku

Wakuu habari zenu. Naomba kuuliza jambo ambalo linaninyima usingizi, na nawaomba mnijibu ukweli hata kama utauma.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naimba. Nilianza kwaya nikiwa mdogo, sauti ya pili, baadaye nikaingia bendi ya hotelini nikakaa miaka minne tunapiga chochote mgeni anachoomba. Humo kwenye bendi kulikuwa na mpiga kinanda mtu mzima, mpole, ambaye shoo ikiisha na wenzake wanakunja nyaya yeye anabaki amekaa anapiga nyimbo za zamani za jazz taratibuuu kama anajisimulia mwenyewe, siku moja nikasogea nikaimba naye bila maiki, viti vimeshapandishwa juu ya meza, mhudumu anapiga deki, na yule mhudumu akaacha deki akasimama na mopu yake mkononi anasikiliza mpaka mwisho. Toka usiku ule sijawahi kutamani kuimba kitu kingine.

Sasa shida yangu ni hii. Namfuatilia sana Samara Joy. Kazaliwa Novemba 1999, na Februari 2023 kabeba Grammy mbili usiku mmoja, ya msanii bora mpya na ya albamu bora ya kuimba jazz, ana miaka 23 tu!! Mi nikiwa na 23 bado naitikia nyuma ya mtu. Nikiweka klipu mtandaoni wanaangalia watu wachache, wengi ndugu zangu, na kaka yangu ananiambia kila siku niachane na muziki wa kusinzia niimbe vitu vya kuchezeka.

Kwa hiyo naomba mnisaidie, hivi kwa 29 nshachelewa? Niendelee kuimba hizi nyimbo za zamani za watu au nikae chini nitunge zangu kwanza? Na hasa hasa nataka kuelewa mtu anatokaje kwenye kona ya ukumbi mpaka akajulikana, maana naona mwanzo na naona tuzo ila pale katikati sipaoni kabisa.

---

santuri_za_mzee

Mwanangu pole, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana hapo katikati usipopaona ndo kazi yenyewe ilipo.

Mi nakusanya santuri miaka mingi na nimesoma maisha ya hawa watu sana, wacha nikueleze huyo Samara vizuri. Unasema kapanda haraka. Babu na bibi yake, Elder Goldwire na Ruth McLendon, walikuwa na kundi la injili la Philadelphia linaitwa The Savettes. Baba yake ni mwimbaji na mpiga besi aliyezunguka na Andraé Crouch, yule mwimbaji mkubwa wa injili. Yaani huyo binti nyumbani kwao kusikiliza sauti zikipangana ilikuwa kama kusikiliza mvua. Alafu ameimba kanisani, chuo kasoma Purchase kule New York, na jazz yenyewe kaizamia kweli kweli akiwa hapo hapo chuoni, na waliomfundisha ni akina Jon Faddis, Kenny Washington na mpiga gitaa Pasquale Grasso. Novemba 2019 akashinda shindano la kimataifa la waimbaji wa jazz lililopewa jina la Sarah Vaughan kule Newark. Julai 2021 akatoa albamu ya kwanza kwa lebo ndogo ya London, Whirlwind, na nani anapiga gitaa humo? Huyo huyo Grasso mwalimu wake, na kwenye dramu yupo mwalimu wake mwingine Washington. Septemba 2022 ndo akatoa albamu na Verve, lebo kubwa ya jazz. Kwa hiyo zile Grammy za 2023 ni kama tunda, wewe umeuona mti siku una tunda.

Kuhusu umri naomba uondoe hofu kabisa. Gregory Porter, mwimbaji wa jazz, alikuwa anacheza mpira wa Kimarekani chuoni San Diego kwa ufadhili, akaumia bega, ndoto ikaishia hapo, baadaye kawa mpishi kwenye mgahawa wa kaka yake Brooklyn huku usiku anaimba kwenye kaukumbi kadogo Harlem kanaitwa St. Nick's Pub. Albamu yake ya kwanza imetoka 2010 ana miaka 38. Miaka 38! Januari 2014 kachukua Grammy kwa albamu ya Liquid Spirit. Na Sharon Jones, mwimbaji wa soul, yeye alishawahi kuwa askari wa gereza la Rikers Island, albamu yake ya kwanza na bendi yake ya Dap-Kings imetoka 2002 akiwa amepita 45, na mi nikiiweka ile sauti kwenye santuri mpaka leo naona kama ule muda wote aliosubiri umo ndani ya koo lake, kuna uzito fulani ambao binti wa miaka 20 hata awe na kipaji vipi hana.

Hilo la nyimbo za zamani au zako, kwenye jazz sio lazima uchague. Samara kachukua solo ya tarumbeta ya Fats Navarro, ya miaka ya 40 huko, akaiandikia maneno yake mwenyewe nota kwa nota na akaiweka kwenye albamu ya Verve. Ni wimbo wa zamani na ni wake pia. Ukifanya hivyo hata kwa wimbo mmoja tu utajifunza zaidi ya kutunga nyimbo kumi zinazofanana.

---

mpiga_besi

Naunga mkono mzee hapo juu ila naongeza kitu ambacho waimbaji wengi hawaambiwi, labda kwa kuogopa kuwaudhi.

Mi napiga besi, nimesimama nyuma ya waimbaji wengi sana, na nikwambie dada, mwimbaji anajulikana kwa wanamuziki kabla hajajulikana kwa watu. Sisi ndo tunaoulizwa "unamjua mwimbaji mzuri?" na simu ya mwenye ukumbi au mwenye tamasha ikiingia jina linalotoka mdomoni ni la yule ambaye kupiga naye ni raha.

Wacha nikuonyeshe. Kuna binti alikuja siku moja kwenye usiku wa maiki wazi, ule ambao yeyote anapanda kuimba, sauti kama asali kwa kweli, kapanda akasema "mnaujua ule wimbo" akautaja, tukasema ndio, tukamuuliza kii gani, yaani wimbo ukae juu au chini kiasi gani, akasema "ile ya kwenye rekodi". Rekodi aliyoizoea yeye ni ya mwanaume. Beti la kwanza kaimba chini kabisa hasikiki, maiki inapumua tu, ikabidi apande juu, alipofika sehemu ya katikati ule wimbo unapopaa koo likakataa, mpiga kinanda akajaribu kumshushia katikati ya wimbo mi sikumsikia, basi kwa mistari minne kila mtu yuko kwake. Alishuka steji analia. Na sauti alikuwa nayo!

Wiki mbili mbele akaja mwingine, sauti ya kawaida tu. Huyu alikuwa na kidaftari kimekunjwa kwenye pochi, kila wimbo kauandikia kii yake, spidi yake, unaanzaje na unaishaje. Kanisogelea kabla hatujaanza akaniambia huu naimba E fleti, nianze na wewe besi peke yako beti zima alafu wengine waingie, akagonga mapigo pajani kwake taratibu mpaka nikaitikia kwa kichwa. Dada sijui nikwambieje, ukumbi mzima ulinyamaza. Namba yake nilichukua usiku huo huo na mpaka leo tunapiga pamoja.

Kutafuta kii yako sio uchawi. Tafuta nota ya juu kabisa na ya chini kabisa ya wimbo, alafu angalia ile nota ya kilele inaangukia wapi kwenye sauti yako ukiwa umechoka, narudia, ukiwa UMECHOKA, sio asubuhi bafuni. Kama saa tano usiku haifiki basi shusha nusu toni, yaani hatua moja ndogo kabisa ya kinanda, hakuna wa kukudai.

Na usiache kukaa na watu wale wale. Albamu ya Samara ya 2024, Portrait, iko tofauti na za mwanzo maana kaenda nayo studio na bendi yake aliyokuwa anazunguka nayo barabarani, wenzake humo ndani wamepanga nyimbo, na wamerekodia studio ya Van Gelder kule New Jersey ambako jazz kibao ya miaka ya 60 ilirekodiwa. Ukisikiliza utasikia watu wanaojuana pumzi. Hicho kitu hakinunuliwi, kinatokana na usiku nyingi. Huyo mpiga kinanda wako mtu mzima yuko wapi sahivi? Maana mi nikisoma habari yako naona mwalimu wako ulishampata siku ile viti viko juu ya meza.

---

klipu_kwanza

Jamani nawaheshimu ila naona mnamrudisha dada enzi za santuri kweli kweli. Dunia imebadilika. Huyo huyo Samara video zake fupi zimempeleka kwa vijana ambao hawajawahi kununua albamu ya jazz maishani. Na mfano mkubwa zaidi ni Laufey, yule wa Iceland, kajenga wafuasi wake mtandaoni toka kipindi cha korona akiwa amekaa chumbani na chelo na gitaa, na Februari 2024 kachukua Grammy kwa albamu ya Bewitched. Vijana wanajaza kumbi wanaimba naye neno kwa neno nyimbo zenye harufu ya miaka ya 40. Kwa hiyo dada usidharau klipu, ila ziwe na mpangilio, siku zile zile kila wiki, sauti isikike vizuri, na sekunde tano za kwanza uwe ushaimba, usianze na maelezo ya "hamjambo wapendwa leo nimewaletea".

Watu wachache sio aibu. Hao wachache wakimaliza klipu mpaka mwisho ni bora kuliko elfu kumi wanaopita.

---

mpiga_besi

@klipu_kwanza hapo kwenye sekunde tano nakubali mia kwa mia. Ila Laufey usimtaje nusu. Huyo kapiga chelo na piano toka mtoto, akiwa na miaka 15 kashapiga chelo peke yake mbele ya okestra ya taifa ya Iceland, kaenda kusoma Berklee, chuo cha muziki kule Marekani. Simu ilimkuta yuko tayari. Shida ni mtu kununua taa ya duara ya kurekodia klipu kabla hajajua nyimbo kumi na mbili.

Alafu tuzo yake ilikuwa ya pop ya jadi sio ya jazz, watu wanabishana kweli kama ni jazz au sio. Mi sina shida naye, anaimba kwa utulivu na nota yake haitetemeki.

---

mwalimu_wa_pumzi

Nimepita hapa kama mwalimu wa sauti, nina neno moja la koo maana naona hakuna aliyeligusa na ndo linalomaliza kazi za watu.

Mdogo wangu, miaka minne ya hotelini ulikuwa unaimba masaa mangapi kwa usiku? Na ulikuwa unajisikia kwenye spika? Kama hukuwa unajisikia basi ulikuwa unasukuma, na ukisukuma kila usiku nyuzi za sauti zinapigana mpaka zinaota vinundu, sauti inakuwa na mkwaruzo watu wanasema "aaah ana sauti ya soul" kumbe ni jeraha. Nisikilize vizuri hapa: mkwaruzo wa mtindo unaweza kuuwasha na kuuzima ukitaka, wa jeraha unakaa nao hata ukisalimia watu asubuhi. Kama sauti imekauka zaidi ya wiki tatu nne nenda kwa daktari wa koo akuangalie kwa kamera, usinywe tangawizi tu ukasubiri. Na ukiambiwa upumzishe sauti maana yake NYAMAZA, usinong'one, kunong'ona nako kunaichosha.

Adele aliahirisha shoo zake mwaka 2011 na akafanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti mwezi Novemba, Februari 2012 karudi steji na kabeba Grammy sita. Najua ana timu kubwa, ila aliyeamua kunyamaza ni yeye na hilo hata wewe unaliweza.

Maji, usingizi, upashe sauti kabla na uipoze baada ya shoo. Jazz ina neema moja, kwamba maiki ipo ili usipige kelele. Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazz wa zamani, hakuwa na sauti kubwa hata kidogo, alikaa karibu na maiki akaongea nayo, na neno lake moja likichelewa kidogo nyuma ya mapigo unasikia mpaka kifuani. Na hilo la kuchelewa nyuma ya mapigo ndo napenda ulifanyie kazi kuliko kupanda juu juu.

---

karatasi_kwanza

Naongeza upande wa karatasi, maana dada akipanda kidogo tu watakuja watu na kalamu.

Kila wimbo uliorekodiwa una vitu viwili tofauti vyenye wenyewe tofauti. Kuna utunzi, yaani maneno na nota, na kuna rekodi, yaani ile sauti yako iliyonaswa siku ile studio, ambayo wengi tunaiita masta. Ukiimba wimbo wa zamani wa mtu utunzi ni wa mtunzi au warithi wake, unaomba leseni na unalipia, wewe unabaki na hela ya rekodi, tena kama masta ni yako. Kwa mfano Marekani redio za kawaida mpaka leo zinamlipa mtunzi tu, mwimbaji halipwi kitu, wimbo wako unaweza kupigwa kutwa nzima na wewe huoni hata senti. Kwa hiyo lile swali lako la kutunga zako lina sababu ya hela pia. Kuna nyimbo za kale sana ambazo utunzi wake umeshakuwa huru, kule Marekani Januari 2025 zilikuwa zimefikia zilizochapishwa mwaka 1929, ila sheria inatofautiana nchi na nchi kwa hiyo angalia ya kwako kabla hujarekodi.

Na hela ya awali ya lebo sio zawadi. Advansi ni deni, wanaikata kwenye mapato yako kwanza ndo wewe uanze kuona kitu, na gharama za studio na video mara nyingi zinaingia humo humo. Soma miaka mingapi, albamu ngapi, na masta inarudi kwako lini au hairudi.

Nina Simone aliuza haki zake zote za albamu yake ya kwanza kwa dola 3,000. Mwaka 1987 wimbo mmoja wa humo ukatumika kwenye tangazo la manukato ya Chanel, ukalipuka Uingereza na Ulaya nzima, karibu miaka 30 baada ya kurekodiwa, na yeye sehemu kubwa ya hela ile haikumfikia. Nina Simone, na kipaji kile! Mi mwenyewe nilishasaini karatasi ya kurasa mbili nikiwa na furaha mno ya kuitwa studio, sikusoma ukurasa wa pili, na nyimbo nne za sauti yangu hadi leo siruhusiwi kuziweka popote. Kwa hiyo naandika haya kwa uchungu dada. Usisaini siku hiyo hiyo, chukua karatasi kalale nayo, mpelekee mwanasheria, na mtu akikataa usiondoke nayo basi jibu lako umeshalipata.

---

sauti_ya_usiku

Jamani nimesoma yote mara mbili na hapa machozi yananilenga, asanteni sana sana.

@mwalimu_wa_pumzi ulivyouliza kama nilikuwa najisikia kwenye spika nimeshtuka, maana hapana, sikuwahi, spika zote zilikuwa zinaangalia wageni na mi nilikuwa nasukuma kweli. Asubuhi huwa nakwaruza mpaka kama saa nne hivi. Nitaenda kuangaliwa, nimeshaamua.

@karatasi_kwanza pole kwa hizo nyimbo nne. Imeniuma. Kuna mtu aliwahi kunitumia mkataba kwenye simu nikawa nimeuacha tu kwa uvivu, leo nimeufungua na kwenye masta imeandikwa "milele". Sitasaini.

@mpiga_besi yule mzee yupo, alishaacha bendi, anafundisha watoto kinanda nyumbani kwake. Sijampigia zaidi ya mwaka na nusu kwa kweli, nilikuwa naona aibu kwamba sijafika popote. Nimempigia leo jioni. Kasema njoo Jumamosi, kaniuliza "bado unaimba ule wimbo wa siku ile?" nikasema ndio, akaniuliza kii gani, na mi nikakaa kimya maana sijui!! Miaka yote hiyo nimeuimba na sijui kii yangu.

---

mpiga_besi

Haya sasa, ndo pa kuanzia hapo. Chukua daftari, ule uwe wa kwanza. Muulize na yeye siku ile alikupigia kii gani, wapiga kinanda wa umri huo hawasahau. Jaribu hiyo, alafu jaribu nusu toni chini na nusu toni juu, kila moja uimbe wimbo mzima hadi mwisho, usiishie beti la kwanza, na mwambie akurekodi kwa simu akiwa amekaa mbali na kinanda.

Ukirudi andika hapa hapa tujue imeangukia wapi.

---

sauti_ya_usiku

Nimerudi, Jumamosi imepita. Siku ile alinipigia kwenye F, na Jumamosi hii tumeishia D, yaani toni moja na nusu chini. Kwenye F nilikuwa nasukuma siku zote nikidhani ndo hisia. Kwenye D neno la mwisho nimelisema tu, kama naongea na mtu aliyekaa karibu, na mzee hakucheza nota ya mwisho, aliniacha peke yangu.

Daftari lina nyimbo tatu sahivi. Kasema nije kila Jumamosi.